Uso wa Mama Dastani ni Mali ya Chama

Kigango cha Chilangala,
Newala.

Kwa Baba Paroko,

YAH: KIZUIZI CHA NDOA KATI YA BW. VITALIS WA LUPASO NA USO WA CHAMA CHETU

Baba Paroko, shikamoo. Shikamoo hii ni ya cheo. Ya umri ni wewe uliyetakiwa kunipa mimi, na nimeshaiitikia marahaba humu humu ndani ya barua ili tuokoe karatasi.

Jumapili mbili mfululizo umesimama mbele yetu ukatangaza kwamba Vitalis, fundi seremala wa Lupaso, anakusudia kumwoa Getrude, mjane wa hapa kwetu ambaye sote tunamwita Mama Dastani. Mara zote mbili ulisema anayejua kizuizi chochote asikae nacho moyoni, akilete. Mara ya kwanza nilingoja nione kama kuna mwingine atasimama. Mara ya pili niliinuka, lakini wanakwaya nao wakainuka papo hapo, ikaonekana nimeinuka kuimba, nikaimba. Ndiyo maana leo naandika.

Kizuizi ninacho. Ni simu.

Naomba nieleze tangu mwanzo, maana najua wewe simu yako ulipewa na wafadhili na huenda hujui mateso ya kununua. Kabla ya msimu wa korosho niliulizia simu janja pale Newala mjini, nikatajiwa bei. Nikasema moyoni, ngoja niuze korosho. Nilipouza nikarudi, nikaikuta simu ni ile ile, kwenye kabati lile lile, imeongezeka vumbi tu, lakini bei imepanda. Nikamuuliza muuzaji simu hii imeongezewa nini. Akanijibu, "Haijaongezewa kitu, mzee wangu. Ni dola." Mimi huyo dola simfahamu, hajawahi kukanyaga Chilangala, lakini niliona wazi kwamba ananifahamu mimi.

Nikarudi nyumbani na simu yangu ya kitochi, nikakaa na majirani. Kulikuwa na Suleimani, baba yake Shamila, ambaye ana sola juu ya paa. Kulikuwa na Bi. Ziada muuza maandazi. Na kulikuwa na Mama Dastani. Wote wanne tulikuwa tunataka simu janja na wote wanne bei ilikuwa imetushinda. Tukasema, kisima ni kimoja na watu wanakunywa, jogoo ni mmoja na mtaa mzima unaamka. Kwa nini simu iwe ya mtu mmoja? Tukaunda Umoja wa Simu Moja. Suleimani akawa mwenyekiti kwa ajili ya sola yake, Bi. Ziada mhazini, mimi katibu kwa sababu nina kalamu, na Mama Dastani mjumbe.

Siku ya kununua tulikwenda wote. Sisi watatu tukasongamana mezani kuhesabu, maana fedha ya Bi. Ziada yote ilikuwa sarafu za maandazi na nyingine zilikuwa zimegandana kwa mafuta. Mama Dastani akapewa simu aishike ili isianguke. Yule kijana wa duka akamwambia, "Mama, tazama hapa. Geuka kidogo kushoto. Haya, kulia. Tabasamu." Mama Dastani akatabasamu. Simu ikaushika uso wake, na tangu hapo haijataka uso mwingine.

Zilikuwepo pia namba za siri. Suleimani ndiye aliyezichagua, akakataa kututajia kwa hoja kwamba zikitajwa si siri tena. Akaziandika kiganjani. Tukiwa njiani adhuhuri ikaingia, akasimama kutawadha. Alitawadha vizuri sana, kama mtu anayemcha Mungu, na alipomaliza kiganja kilikuwa cheupe kama cha mtoto mchanga. Fundi tuliyemwendea alituambia kwamba simu isipozimika, uso peke yake utatosha. Ikizimika itadai namba, na hapo itabidi ifutwe yote kwa malipo. Sisi ni chama cha kubana matumizi. Tukaamua kwamba simu haitazimika na uso hautapotea.

Sasa, Baba Paroko, uso unataka kwenda Lupaso. Malalamiko yetu ni haya:

1. Uso huu umekwisha kuvuruga maisha yetu ya kawaida, na haki ni kwamba tulioumia nao tubaki nao. Kila jua linapochomoza wanachama hukutana uani kwa Mama Dastani, yeye huitazama simu, simu hufunguka, kisha hupewa mwenye zamu. Lakini simu ikiachwa kidogo tu huingia giza na kujifunga. Kwa hiyo mwenye zamu lazima awe anakigusagusa kioo bila kuacha, hata akiwa na kazi nyingine. Bi. Ziada hukaanga maandazi kwa mkono wa kulia huku akiipapasa simu kwa kidole gumba cha kushoto, na huko ndiko yalikotoka mafuta yaliyo kwenye spika. Ikijifunga, inabidi Mama Dastani atafutwe popote alipo. Alipokwenda kuchota maji tulimfuata. Alipokwenda kwenye msiba wa shangazi yake tulikwenda, tukalia, tukafungua simu, tukarudi. Na Kwaresima iliyopita, wale watu watatu uliowauliza kwa nini wamepanga foleni ya kitubio wakati mmoja wao amevaa kofia ya msikitini, walikuwa ni sisi.

2. Uso umetunzwa kwa gharama ya chama. Wakati wa kupuliza mikorosho, Mama Dastani alirudi shambani akiwa mweupe kwa unga wa salfa, macho yamemvimba, simu ikamtazama ikakataa katakata. Kikao kikaamua asipulize tena. Mikorosho yake nikaipuliza mimi. Ukaja wakati wa kubangua, na wewe unajua moshi wa maganda ya korosho unavyoharibu sura ya mtu. Kikao kikaamua asibangue. Nikabangua mimi. Mikono yangu ukiiona leo utadhani ni ya mtu mwingine, lakini simu haijali mikono.

Kisha jino lilimuuma, shavu likajaa kama ana embe ndani. Simu ikagoma. Nikampakia kwenye baiskeli yangu hadi hospitali, na penye kilima nikaisukuma yeye akiwa juu, maana mali ya chama haitembezwi kwa miguu. Wakaling'oa. Wakati wa kurudi, dawa ya ganzi ilipoanza kumwachia, akaongea njia nzima: juu ya marehemu mumewe, juu ya Dastani aliyeko Dar es Salaam asiyepiga simu, juu ya namna mtu anavyoweza kupika viazi pori vya ming'oko vya kutosha watu watano kwa mazoea halafu akala peke yake. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na wala hatukukumbuka kuifungua. Kwenye taarifa ya chama niliandika kwamba tulichelewa kwa sababu ya upepo.

3. Ridhaa ya ndoa hii ni batili, na naomba hapa usome polepole kwa sababu ndipo penye sheria ya Kanisa.

Suleimani alikuwa anatafuta mlango. Akapewa namba ya fundi mmoja wa Lupaso, naye ndiye huyu Vitalis. Akamwandikia kwa simu ya chama kuuliza bei. Sasa, kwenye simu ya chama picha inayoonekana kwa watu ni ya Mama Dastani, kwa kuwa ndiye uso. Vitalis akaona picha ya mama nadhifu anayeulizia mlango wa mninga, naye ni mseja wa makamo asiye na wa kumwambia habari za asubuhi. Akamwambia habari za asubuhi.

Kila mwanachama alijibu kwa zamu yake, kwa kuwa bando limeshalipiwa na ujumbe usiojibiwa ni hasara. Bi. Ziada alimshauri juu ya madeni ya wateja. Suleimani alimuuliza kama mvua imenyesha huko na akamkumbusha kumcha Mungu. Mimi, alipouliza "umekula?", nilijibu kwa kweli kwamba nimekula ugali wa muhogo na mboga ya majani na bado sijashiba. Mama Dastani naye kwenye zamu yake alikuwa akicheka na kuandika kitu ambacho sikukisoma, kwa sababu kusoma ujumbe wa mwanachama mwenzio ni kinyume cha katiba. Basi Vitalis akadhani anaongea na mwanamke mmoja mwenye hekima nyingi na njaa. Kumbe alikuwa anaongea na kamati.

Siku moja akaandika kwamba angependa kumwoa, na ujumbe uliofuata akaandika bei ya mlango. Simu ilikuwa kwa Suleimani. Suleimani haoni vizuri bila miwani, akaona bei, akaridhika nayo, akajibu: "Nimekubali. Lete haraka, mvua zinakuja."

Baba Paroko, Vitalis amekubaliwa na Suleimani. Suleimani ni Mwislamu, ni mwanamume, na ana mke.

Vitalis alifika na pikipiki ya matairi matatu ikiwa imebeba mlango, mjomba wake, na kanga doti mbili. Mlango ukafungwa kwa Suleimani, na ni mlango mzuri, sina neno nao. Kanga zikafika kwa Mama Dastani. Tulipomweleza namna mambo yalivyokwenda alicheka mpaka akakaa chini. Sisi tukacheka naye, tukidhani yamekwisha. Alipoacha kucheka akayafuta machozi, akamtazama yule mgeni aliyekuwa amesimama juani na kofia mkononi, akasema, "Mtu aliyekuja na mlango hafungiwi mlango." Akamkaribisha ndani.

Tangu siku hiyo usingizi wangu, kama katibu, haujawa mzuri.

4. Hatukukurupuka kuleta shauri hili kwako. Tulijaribu njia nyingine. Tulipiga picha ya Mama Dastani pale studio ya Newala, kubwa, ya rangi, tukaionyesha simu. Simu ikaikataa. Picha hiyo bado ipo na inatunzwa nyumbani kwangu, ukutani, upande wa kichwani mwa kitanda, ambako hakuna mchwa. Tulimwita pia mdogo wake, Winfrida, kutoka Chiungutwa, ambaye watu wanasema wamefanana kama mbaazi mbili. Alikuja kwa nauli yetu, akavaa kitambaa cha dada yake, akatabasamu kwa juhudi. Simu ikamkataa mara nyingi hadi ikamwambia ajaribu baadaye. Winfrida akaondoka amenuna, na akasema kama kuna uso wa thamani kiasi hicho kijijini basi wenye nao wauthamini kabla wengine hawajauthamini. Sikuelewa alikuwa anamwambia nani, ingawa alikuwa ananitazama mimi.

5. Niliitisha kikao cha dharura. Ajenda ilikuwa moja: Kuhama kwa Uso. Nilieleza kwamba chama kina mali mbili tu, simu na uso, na uso ukihamia Lupaso itabidi ama simu iufuate, maana yake tumemlipia Vitalis mahari sisi wenyewe, ama uso uletwe kila asubuhi kwa bodaboda kupanda mlima wote ule hadi huku juu uwandani, na hapo nauli itameza akiba yote tuliyoibana. Suleimani akasema yeye ameshapata mlango na hana kinyongo. Bi. Ziada akasema, "Mzee Alfredi, mwache mama wa watu aolewe." Nikapiga kura ya kupinga. Kwa mujibu wa katiba, ambayo niliirekebisha asubuhi ya siku hiyo, kura ya katibu ndiyo ya mwisho.

Mama Dastani alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mwishoni akauliza, "Alfredi, hayo ni chama kinasema, au ni wewe?"

Nikamjibu kwamba ni chama.

Akainuka, akaigeuza ndoo yake, akaenda kuchota maji. Nimeandika katika muhtasari kwamba swali hilo lilikuwa nje ya ajenda.

6. Nilikwenda Lupaso mwenyewe, kiungwana, kuzungumza na mhusika. Nilitegemea kumkuta mtu mwenye majivuno. Nikamkuta amekaa kwenye karakana, amejaa pumba za mbao hadi kwenye nyusi. Aliacha kazi, akaniamkia, akaninawisha mikono, akaagiza kuku achinjwe. Hiyo ilinikera sana. Nikamwambia kwamba ni vigumu kuzungumza na mtu anayekuchinjia kuku. Akasema, "Basi kula kwanza, mzee wangu, uzungumze ukiwa umeshiba." Nikala. Alikuwa mtamu.

Nikampa mapendekezo ya chama. La kwanza, amlete mkewe Chilangala kila asubuhi. La pili, ahamie yeye Chilangala. La tatu, wafunge ndoa lakini kila mmoja aendelee kuishi kwake, kama wafanyavyo watumishi wa serikali. Akasikiliza yote bila kunikatiza, kisha akasema, "Mzee Alfredi, mimi naoa mtu. Siyo nywila." Akaingia ndani akatoka na bahasha, akasema atatununulia simu nyingine, kila mtu akaweke uso wake.

Nilikataa. Bei zimepanda mno. Kununua simu nyingine sasa hivi ni kuwatia moyo wafanyabiashara. Akaniuliza kama nina shida nyingine zaidi ya simu. Nikamwambia sina. Akanitazama muda mrefu, kisha akanisindikiza hadi barabarani na akamlipia bodaboda wangu. Huyo ndiye mtu unayetaka kumpa uso wetu, Baba Paroko: mtu asiyejua kubana matumizi hata kidogo.

Kwa sababu hizo zote, ninaleta maombi yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia jepesi.

Kwanza, ndoa isogezwe mbele mpaka bei za simu zitakaposhuka. Hatutaji tarehe; tunamwachia Mungu na dola.

Pili, kama haiwezekani, itamkwe wazi altareni kwamba Vitalis anaoa kuanzia shingo kushuka chini, na uso unabaki kuwa wa wanachama. Najua hili ni gumu kwa upande wa kumvisha shela.

Tatu, na hili ndilo chama kinaliona la nafuu kuliko yote: ulinzi wa uso utarahisishwa sana iwapo Mama Dastani atahamia katika nyumba ya mmoja wa wanachama. Suleimani ana mke. Bi. Ziada ana wajukuu na moshi. Anabaki katibu. Katibu ni mgane, nyumba yake ina bati, haina deni, kisima hakiko mbali, na ukutani tayari kuna picha. Ili watu wasiseme maneno, na kwa kuwa wote wawili ni Wakristo wa kigango kimoja, tunaweza kufuata taratibu zote za Kanisa, na matangazo yaliyokwisha kusomwa yatumike hayo hayo kwa kubadili jina la upande mmoja tu, ili tusikupotezee muda. Katibu yuko tayari kwa mzigo huu. Ameteuliwa bila kupingwa katika kikao alichohudhuria peke yake.

Nasisitiza kwamba hili ni suala la uchumi.

Naomba unisalimie katekista, masista wote, mpishi wako, na wanakwaya, hasa wale wa sauti ya nne walionipisha nikae kati yao siku ile bila kuniuliza. Umsalimie na yule mbuzi wa parokia, pole yake kwa mguu.

Wako katika imani na katika kubana matumizi,

Alfredi Chilumba,
Katibu, Umoja wa Simu Moja,
Chilangala.

Nyongeza: Nilisahau kutaja kwamba simu haipo tena. Iliniponyoka kwenye mteremko siku ile nikitoka Lupaso, tairi la nyuma la bodaboda likapita juu yake. Niliokota vipande nikavizika mwenyewe chini ya mkorosho, na wanachama nimewaarifu, isipokuwa mmoja. Suleimani alisema alhamdulillahi, akatoa mfukoni simu yake mpya ambayo amekuwa nayo tangu miezi kadhaa iliyopita. Bi. Ziada naye amekuwa na ya binti yake. Kwa hiyo chama kimevunjika, na hesabu zake zimefungwa vizuri.

Kila asubuhi bado napita kwa Mama Dastani saa ya kufungua. Ananipa kiti. Anakaa mbele yangu, ananitazama vile vile kama alivyokuwa akiitazama simu, kushoto kidogo, kulia kidogo. Mkononi mwangu hamna kitu, na mpaka leo hajaniuliza simu iko wapi.

Tangazo la tatu ni Jumapili hii. Nakuomba, Baba Paroko, usilisome.